Kadi ya Kioo cha Daftari

Wapo wanaume pale Mwankoko waliochumbia, wakalipa mahari, wakafunga ndoa na kubatiza mtoto wa kwanza, na muda wote huo Leonard alikuwa bado anachagua kadi ya picha. Maneno hayo ni ya Witness, mdogo wake, na hakuyasema chumbani. Aliyasema dukani, mbele ya wateja wawili waliokuwa wanangoja kutoa kopi, ili yaume vizuri.

Walikuwa wamepanga fremu moja ya duka kando ya barabara, wakaigawa kwa ubao wa plaiwudi. Upande wa kulia alikaa Witness na mashine ya kopi, akiwachapia watu barua za kuomba kazi, watu ambao kwa maelezo yao wenyewe wote walikuwa waaminifu, wachapakazi, na wako tayari kufanya kazi popote Tanzania. Upande wa kushoto alikaa Leonard, fundi simu, na bisibisi zake nyembamba kama miiba. Kwenye plaiwudi palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, na kupitia tundu hilo Witness alimrushia kaka yake utani tangu wanafungua mpaka wanafunga.

Kompyuta iliyokuwa inaingoja kadi hiyo ilikuwa nyumbani, juu ya meza chumbani kwa Leonard, ikijengwa kipande kwa kipande kama nyumba ya mwalimu. Lilitangulia kasha lenye ubavu wa kioo. Likafuata mazabodi, ule ubao mkuu ambao kila kitu huchomekwa juu yake. Ikaja prosesa, ikaja pawa saplai, na kwa mbwembwe tu zikaja feni tatu zinazowaka rangi ya buluu. Kisha kioo kipana cha inchi ishirini na saba, ambacho Leonard alikipata kwa mtu aliyekuwa anahama mji na hakutaka kukibeba. Kilichokosekana ni kadi ya picha, na bila hiyo mashine ya gemu ni shahidi bubu: inajua yote, lakini haina namna ya kukuonyesha.

Mama yao, Theodora, alikuwa anasikia tu kadi, kadi. Siku moja akamwita Witness jikoni, akarudisha mlango, na kwa Kinyaturu, lugha aliyoitunza kwa mambo mazito, akamuuliza huyo binti ni wa ukoo gani. Binti yupi? Huyo ambaye Leonard anatafuta kadi zenye picha za kuwapelekea watu wa michango. Witness alicheka mpaka akakalia ndoo, na hakumsahihisha mama yake mpaka Jumapili.

Kumbe kadi yenyewe haikuwa ya kuchezea tu. Tangu utoto Leonard alitaka kuwa dereva wa lori. Mama alikataa. Alishaona malori yaliyokosa breki kwenye mlima Sekenke, pale barabara inaposhuka kuelekea Shelui, na alisema hakuzaa mtoto wa kuupa mlima. Leonard alikubali kwa mdomo. Kisha akakutana na gemu moja ya malori ambayo mchezaji anaruhusiwa kujichorea barabara zake, na kwa miaka miwili akawa anachora barabara ya kutoka Singida mjini kwenda Shelui: yale mawe makubwa ya mjini, alizeti pande zote mbili, akina mama wenye vitunguu kando ya lami, kona za Sekenke moja baada ya nyingine, na chini kabisa Shelui yenyewe, malori yamejipanga kama ng'ombe mnadani. Aliichora kwa kompyuta mpakato ya zamani iliyokuwa ikionyesha picha moja, inapumzika, inaonyesha nyingine. Hakuwahi hata mara moja kuishuka Sekenke yake bila kukwama katikati. Kadi ndiyo ingemshusha.

Hilo tu ndilo alilokuwa analitaka, kuishuka moja kwa moja mpaka chini, akiiona. Na kufikia Aprili alikuwa na sababu ya kuharakisha ambayo mama yake hakuijua. Macho yalikuwa yanamwishia.

Ugonjwa huo ulikuwa umepata nafasi yake kupitia neno moja, tena neno la kila siku, ambalo hata mtoto wa darasa la pili analitamka. Presho.

Mwaka uliotangulia walipita mjini madaktari wa kupima macho bure. Leonard alikwenda kwa sababu hakuwa na mteja asubuhi hiyo na foleni ilikuwa na watu wa kupiga nao soga. Akaambiwa ana presho ya macho. Akapewa kichupa cha matone, tone moja kila jicho kila jioni, asiache hata akijisikia vizuri, na arudi baada ya mwezi. Alirudi nyumbani bila wasiwasi, kwa maana presho katika nyumba ile haikuwa mgeni. Mama alikuwa nayo mwaka wa tisa huo. Alikuwa na vidonge vyake, mashine yake ya kupimia aliyotumiwa na shangazi wa Dodoma, na imani yake kubwa juu ya juisi ya rozela. Siku hiyohiyo mboga ya Leonard ikaanza kupikwa pembeni, bila chumvi. Asubuhi rozela, jioni rozela, mpaka Witness akasema mbu akimuuma kaka yake ataondoka na sharubati.

Mwezi ulipokwisha, na kichupa nacho kikaisha. Mama akasema kabla ya kwenda kusumbuana na foleni, wapime kwanza hapahapa. Leonard akaketi, akakunja mkono wa shati. Aliyemvalisha mkanda ni Witness. Aliyebinya mpira ni Witness. Aliyesoma ni Witness, kwa sauti, kama mtangazaji wa matokeo: mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Mama akamshukuru Mungu. Naye Witness, ambaye hajawahi kuacha nafasi ipite, akasema hiyo ni presho ya mtoto wa kipaimara, na kwamba kama kuna matone yaliyobaki awatilie kuku.

Wakacheka wote watatu. Leonard hakurudi kwa daktari na hakununua kichupa kingine. Anunue cha nini? Presho imeshuka, mashine imesema.

Dalili ya kwanza haikuonekana kwenye macho. Ilionekana kwenye adabu. Mzee Lazaro, jirani mwenye bustani ya vitunguu, alikuja kwa Theodora akiwa amevaa koti, na mzee akivaa koti kuja nyumba ya tatu ujue ni mashtaka. Alisema mara tatu amekutana na Leonard njiani, mara tatu amesimama kungoja shikamoo yake, na mara tatu kijana amempita kama kisiki. Mara ya kwanza alidhani ni mawazo. Mara ya tatu aliliita jambo hilo kwa jina lake sahihi, dharau. Haikupita wiki mama mmoja wa jumuiya akaleta kesi ileile. Na pale Mwankoko mtu anaweza kukusamehe kuku uliyemuibia kabla hajakusamehe shikamoo uliyomnyima.

Mama alimgombeza Leonard mpaka akahamia Kinyaturu. Leonard aliapa kwamba hakuwaona. Mama akamuuliza, hukumwona Lazaro, mtu mrefu kama mlingoti? Witness ndiye aliyelipatia jambo hilo jina. Akaanza kumwita kaka yake Mheshimiwa. Akimwona anakuja anatoka nje, anapisha njia, anawatangazia watu wasogee kwa kuwa Mheshimiwa anapita na leo hasalimii wananchi. Mtaa mzima ukalipenda. Watoto wakaliimba.

Hakuna aliyegundua kwamba Mzee Lazaro, mara zote tatu, alikuwa amesimama pembeni. Waliomjia Leonard kwa mbele walisalimiwa vizuri, kwa heshima zote. Wa pembeni ndio waliokuwa wanapotea.

Kisha akaanza kugonga miimo ya milango. Akamwaga chai mara mbili kwa kukigonga kikombe kilichokuwa karibu na kiwiko chake. Siku moja Witness alichungulia kwenye lile tundu la plaiwudi na utani wa asubuhi ukiwa tayari mdomoni, akamwona kaka yake anapapasa meza kwa kiganja, polepole, anatafuta skrubu. Skrubu ilikuwa hapohapo, shubiri moja kutoka kidoleni, inang'aa. Alingoja aione. Hakuiona. Utani ule Witness hakuutoa, na mpaka leo hakumbuki ulikuwa unahusu nini. Alizima mashine ya kopi, akazunguka upande wa pili, akamshika mkono, wakafunga fremu na kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Daktari Anastasia alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akagusisha kifaa kidogo juu ya kila jicho, akaandika. Akauliza historia, naye Leonard akamwelezea matone, mwezi mmoja, na jinsi presho ilivyoshuka. Daktari akauliza walipima wapi. Witness akajibu kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake, nyumbani, akagusa mkono wake juu ya kiwiko, pale mkanda unapokaa.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Presho ya jicho haipimwi mkononi, mdogo wangu," alisema. "Haya ni maji yaliyomo ndani ya jicho lenyewe, yakibana mshipa wa kuonea. Na ile ya damu ni kitu kingine kabisa. Zimeshirikiana jina tu."

Akaendelea kueleza, na mengi Witness aliyasikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Jicho la kulia lilikuwa limekwenda, linabakiza mwanga tu. La kushoto limebaki katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yote.

Walirudi kwa miguu. Leonard alitembea upande ambao Witness alikuwa hamwoni vizuri usoni, au labda Witness ndiye aliyekuwa haangalii. Walipofika kwenye njia ya bustani Leonard akasimama.

"Mama usimwambie," alisema. "Sema nimeongezewa dawa, basi."

"Atajua tu, kaka."

"Ajue polepole. Mashine ni yake, rozela ni yake, wazo la kupima nyumbani ni lake. Ukimwambia leo atajihukumu, na yeye presho yake ni ile ya kweli."

Witness alikubali. Kulikuwa na neno jingine alilotaka kulisema, lilikuwa limefika hadi kwenye meno, na lilimhusu yeye, mpira alioubinya na kuku wake wa kutiliwa matone. Akafungua kinywa. Kilichotoka ni kwamba angalau sasa Mheshimiwa ana cheti cha daktari cha kutomsalimia Mzee Lazaro. Leonard alicheka. Alicheka kwa adabu, kama mtu anavyochekea hadithi ya mgeni.

Baada ya hapo suala la kadi likarudi mezani kwa nguvu mpya. Zilikuwa zimebaki mbili. Muuzaji alikuwa kijana wa Dar anayeitwa Michael, aliyekuwa akituma picha za kadi kwa simu kwa unyenyekevu wa mshenga. Ya kwanza ilikuwa kubwa, iliyotumika, feni tatu, kumbukumbu ya gigabaiti nane, ndefu kama tofali na inataka waya wake wa umeme. Ya pili ilikuwa ndogo, mpya, feni moja, gigabaiti nne, inayokunywa umeme kidogo moja kwa moja kutoka kwenye mazabodi. Kabla ya hospitali Leonard alikuwa mtu wa kubwa. Alikuwa ameshapima kasha kwa rula akaona inaingia na nafasi ya kidole inabaki. Alikuwa amejumlisha wati za kila kifaa mara tano, akaridhika kwamba pawa saplai haitalalamika. Alikuwa amesoma jinsi kadi ile inavyochora vivuli vya miti juu ya lami, kivuli kinachotingishika upepo ukipita, na alimsimulia Witness habari za vivuli hivyo mpaka Witness akamuuliza kama anajenga barabara au anapanda kichaka.

Baada ya hospitali akanyamaza. Aliyebaki kuipigia debe kadi kubwa ni Witness. Yeye ambaye miezi mitatu iliyopita hakujua kadi ina feni, sasa alikuwa anataja gigabaiti nane kama mtu anayetaja jina la mwanaye. Alisema kama pesa haitoshi atavunja kibubu chake. Leonard akasema hapana. Witness akamwambia Michael asiiuze, kwa simu yake mwenyewe, nyuma ya mgongo wa kaka yake. Leonard akajua, akampigia Michael na kumwambia auze. Wakabishana siku nne kupitia lile tundu, hadi mteja mmoja aliyeleta simu yenye kioo kilichopasuka akasema atarudi wakipatana.

Jumamosi mchana, mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Leonard akamwita Witness chumbani. Akamwambia aje na selotepu ya dukani.

Alikuwa ameketi mbele ya kile kioo kikubwa, umbali ule anaokaa mtu akicheza. Kompyuta mpakato ilikuwa imeunganishwa ili kioo kiwake cheupe kitupu. Chini ya kidevu aliweka vitabu viwili kichwa kisiyumbe, jicho la kulia akalifunika kwa kiganja, la kushoto akalikaza katikati.

"Weka kidole ukingoni mwa kioo, huko kulia," alisema. "Kilete katikati polepole. Nikikiona nitasema."

Witness akaweka kidole. Akaanza kukivuta. Kikapita shubiri nzima, Leonard kimya. Akadhani anataniwa, na katika nyumba ile mtu anayetaniwa hujibu kwa utani, kwa hiyo akakichezesha kidole, akakifanya pembe za mbuzi, akakifanya mdomo wa bata. Uso wa Leonard haukubadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayeangalia ukuta. Hapo ndipo Witness alipoacha kucheza, akakinyoosha kidole na kuendelea kukivuta.

"Hapo," alisema Leonard.

Akabandika selotepu. Wakaja kushoto. Wakashuka kutoka juu, wakapanda kutoka chini. Kila mara Witness alisogeza polepole kuliko mara ya mwanzo, kana kwamba akichelewa, neno "hapo" litakuja mapema. Mwishowe, katikati ya kioo kile cha inchi ishirini na saba, zilibaki selotepu nne zikizunguka mahali padogo. Leonard akachukua rula, akapima kwa kupapasa kingo. Palikuwa pakubwa kama daftari la shule, lile la kurasa arobaini, likiwa limefungwa.

"Sasa sikiliza, mtaalamu wa gigabaiti," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayotumia kumweleza mteja simu yake ina nini. "Kadi haichaguliwi kwa mfuko, wala kwa huruma. Inachaguliwa kwa kioo. Kioo kikubwa kina vinukta vingi vya kuchora, kinataka kadi kubwa. Mimi nina daftari. Gemu nitaifungua katikati hapa, ndogo. Kadi ndogo inatosha na chenji inabaki."

"Ukigeuza kichwa unaona na huku."

"Nikigeuza kichwa naona daftari jingine. La kwanza limeshafungwa."

Witness alisema wachukue kubwa hivyohivyo. Alisema atalipa yote. Alisema hata kama ni ya kukaa tu ndani ya kasha ikiwaka, aichukue, ni haki yake, aliingoja muda mrefu. Alikuwa anaongea haraka.

"Ya nini?" Leonard akamuuliza. "Inichoree vizuri vitu nisivyoviona? Wite, mimi nataka kushuka mlima. Sitaki rambirambi yenye feni tatu."

Lilikuwa neno la kuchekesha, na kwa siku nyingine Witness angelionea wivu. Alikaa kitandani akiwa ameshika selotepu. Akaanza, "Kaka, ile siku ya mkanda," na akaishia hapo, kwa sababu yaliyofuata hakuwa amewahi kuyasema kwa mtu yeyote na hakujua yanaanzia wapi.

"Bandua hizo selotepu," Leonard akasema kwa upole. "Zisije zikaacha gundi."

Akazibandua, moja baada ya nyingine. Jioni hiyo wakampigia Michael, na Leonard akamtajia kadi ndogo kwa jina na namba. Michael akauliza mara mbili kama ana uhakika, kwa kuwa kwa kioo kile alichomwambia, kadi ile ingekuwa uonevu. Leonard akamjibu kwamba kioo kimepungua.

Kadi ilifika Singida kwa basi siku ya Alhamisi, ndani ya boksi lisilozidi la viatu vya mtoto. Jumapili baada ya ibada wakaifunga. Leonard aliitafuta nafasi yake kwenye mazabodi kwa ncha za vidole, akaishusha, akaibana mpaka ikasema "tak," na Witness aliyekuwa ameshika tochi akagundua kwamba ile tochi ilikuwa inamsaidia yeye tu. Feni zikawaka buluu. Leonard akaifungua gemu katikati ya kioo, kwenye kipande cha ukubwa ule waliopima. Pande zote kioo kikabaki cheusi.

Akaweka vidole kwenye kibodi, lori likaondoka.

Kwa mara ya kwanza barabara haikukwama. Mawe ya mjini yakapita, alizeti zikapita, mama wa vitunguu akapita na ndoo zake. Yalikuwa mambo madogo sana humo ndani, Witness akilazimika kusogea ili ayaone, lakini yalikuwa yanakwenda, laini, kama maji kwenye mfereji. Walifika mlimani. Leonard akapunguza gia. Kona ya kwanza, akaikata vizuri. Ya pili, lori la mafuta likapanda kutokea chini, akalipisha. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo kama ya mtoto anayefundishwa kusoma, na Witness alikuwa hajaiona sura ile tangu wakiwa shule ya msingi.

Mama aliingia na sahani ya viazi vitamu. Alisimama upande wa kulia wa Leonard, karibu kiasi kwamba khanga yake ilimgusa bega, akatazama. Kumbe aliutambua mlima. Alisema ile kona anaijua, pale juu kuna jiwe, na jiwe likatokea. Akafurahi bila kutaka, akatoa sauti ndogo puani. Akasema kama malori yenyewe ni haya basi Leonard ayaendeshe mpaka azeeke. Kisha akakitazama kioo kizima na weusi wake wote.

"Lakini mbona chombo kikubwa hivi mnatumia kipande kama kiraka?" aliuliza. "Huku kote mmekuachia nini?"

Leonard aliondoa kidole kwenye kibodi. Lori likasimama kwenye mteremko. Hakugeuka.

Witness alikuwa na majibu matatu. Yalijipanga yenyewe kama kawaida yake, moja la kubana umeme, moja la kwamba sehemu nyingine imekodishwa, na la tatu zuri kuliko yote mawili. Alimtazama kaka yake. Alimtazama mama yake aliyesimama na sahani, hatua moja tu kutoka kwa mwanaye, mahali ambapo macho ya mwanaye hayakuweza kujua kama kuna mtu au kuna ukuta.

"Mama," alisema, "hicho kipande ndicho anachoona."

Mama akangoja. Alikuwa anangoja kicheko, kwa sababu maneno ya Witness siku zote huja na kicheko nyuma kama mkokoteni. Hakikuja. Akaweka viazi juu ya kitanda. Akainua mkono, akaupitisha kando ya sikio la Leonard polepole, kama anayefukuza nzi. Akaupitisha tena, karibu zaidi, mbele kidogo. Leonard hakupepesa jicho. Akauacha mkono hapohapo hewani.

"Lakini si tulipima," alisema. "Presho si ilishuka?"

Leonard alianza kusema jambo kuhusu dawa mpya. Witness akamkatiza.

"Tulipima, mama. Nilipima mimi. Ilikuwa ya jicho, mimi nikapima mkono."

"Mkono," mama akarudia, taratibu, kama mtu anayefundishwa neno la lugha ambayo hajawahi kuisikia.

Akaketi kitandani pembeni ya sahani. Leonard aligeuza kiti na kunyoosha mkono kumtafuta, akamkosa, akasogeza kidogo akapata upindo wa khanga, akaushika hapohapo. Nyuma yake lori lilikuwa bado linanguruma kwenye kona ya tatu, na hakuna aliyekumbuka kulizima.